Kupamba Kuta, Sakafu na Milango kwa Stensili: Mwongozo Kamili

Stensili ni plastiki iliyokatwa matundu ya nakshi, unayoibandika na kupaka rangi juu yake. Ukiona ua lililopigwa stensili ukutani na kingo zake zimesambaa kama wino uliomwagikiwa maji, usiilaumu stensili wala ukuta. Mara nyingi rangi ilikuwa nyingi mno kwenye brashi. Kazi hii yote, kuanzia mpaka mwembamba juu ya dirisha hadi sakafu nzima ya sebule, inategemea kupaka kwa kifaa ambacho ukikitazama utadhani kimeshakauka. Anayeanza huogopa kwamba rangi kidogo haitaonekana, basi huongeza, na hapo ndipo inapotambaa chini ya plastiki.

Mwongozo huu unaanza na ukuta wa ndani uliopigwa plasta, kwa sababu ndio wengi huanza nao. Sakafu ya saruji na milango zina masharti yake, nazo zimewekwa mwishoni.

Ukuta kwanza

Pangusa ukuta kwa kiganja kikavu. Kikitoka na unga mweupe, una ukuta wa chokaa au rangi ya maji iliyochakaa, na chochote utakachopaka juu yake kitabanduka pamoja na tepu. Kwangua kilicholegea, sugua kwa brashi ngumu, futa vumbi, kisha paka praima ya kufunga ukuta kabla ya rangi yenyewe.

Plasta mpya iachwe walau wiki 4 kabla ya kuguswa na rangi. Ukuta wa zamani unaoshukiwa unyevu upimwe hivi: bandika kipande cha nailoni angavu cha sentimita 40 kwa 40, ziba kingo zote nne kwa tepu, ukiache usiku kucha. Matone yakitokea upande wa ndani, maji yanatoka ukutani, na hakuna rangi itakayoyashinda. Tafuta chanzo chake: bomba, paa, au udongo uliolundikana nje. Kwenye nyumba za pwani ukuta hutoa chumvi nyeupe kama pamba. Hiyo iondolewe kwa brashi kavu. Ukiiosha kwa maji inayeyuka na kurudi ndani, kisha hutokea tena baada ya siku chache.

Kuvu ya bafuni iuawe kwa jiki, sehemu 1 kwa sehemu 3 za maji. Iache dakika 15, suuza, fungua madirisha. Usichanganye jiki na sabuni ya kusafishia choo yenye asidi, maana mchanganyiko huo hutoa gesi yenye sumu.

Matundu ya misumari na nyufa zizibwe kwa puti, zipigwe msasa namba 120, kisha 180. Ukuta wa rafu, ule uliorushiwa plasta ya chengachenga, haufai: stensili hailali, na rangi hupita kila pengo. Ama uusawazishe kwa puti, ama upambe ukuta mwingine.

Kisha paka rangi ya chini mikono miwili, yaani mara mbili. Rangi isiyong'aa ndiyo rahisi kwa mwanafunzi kwa sababu hushika rangi ya juu haraka. Ya silki, yenye mng'ao kidogo, hufutika vizuri zaidi jikoni na kwenye korido lakini huacha stensili iteleze. Subiri saa 24 kwa uchache. Wakati wa masika, au chumba kikiwa hakina hewa, subiri siku 3. Rangi huwa kavu kwa mguso muda mrefu kabla ya kushikamana barabara, na tepu italithibitisha hilo kwa kuondoka na vipande.

Rangi na vifaa

Ukuta wa mita 3.7 kwa 2.7, wote ukiwa na nakshi, una eneo la kama mita 10 za mraba. Matundu ya stensili ya kawaida hufunika chini ya nusu ya eneo hilo, tena kwa tabaka jembamba, hivyo kopo la lita 1 linatosha na kubaki. Usiuziwe galoni ya lita 4. Tumia rangi ya maji ya kawaida ya ukutani, nzito kama ilivyotoka koponi. Usiizimue kwa maji hata fundi akikushauri. Kuzimua kunafaa tabaka la kwanza la ukuta, kwa stensili ni kujitafutia balaa.

Kama ni mara yako ya kwanza, chukua rangi mbili zilizo karibu: krimu na krimu iliyokoza, kijivu na kijivu cha chini yake. Makosa madogo hayaonekani, na ukuta haukuchoshi baada ya mwezi. Nyeupe juu ya bluu iliyokoza inapendeza kweli, ila inataka mipako 3 na mkono mtulivu.

Vitu vya kukusanya:

- rola ya sponji laini, inchi 4, na sponji zake 2 za akiba
- brashi ya mviringo yenye nywele fupi, ngumu, zilizokatwa sawa. Ukikosa, chukua brashi ya kawaida ya inchi 1, funga nywele kwa tepu hadi ibaki sentimita 2 tu, kisha zikate ncha
- trei ndogo au sahani bapa
- tepu ya karatasi, ile wanayoitumia mafundi wa kupuliza rangi magari
- magazeti na fulana kuukuu
- pima maji, timazi, tepu ya kupimia, penseli laini, kifutio
- vijiti vya pamba vya masikio na kopo dogo la rangi ya chini kwa marekebisho

Gundi ya kupuliza, ile inayoshika na kubanduka tena, hupunguza sana kuvuja. Puliza kidogo upande wa nyuma wa stensili, ngoja dakika 1 hadi inate bila kulowa, ndipo ubandike. Chupa moja hutosha chumba.

Kukata stensili yako mwenyewe

Za kununua zipo, lakini nyingi ni ndogo na nakshi zake zinafanana nyumba hadi nyumba. Kukata si kazi ngumu. Plastiki inayofaa ina unene wa milimita 0.2 hivi: majalada angavu ya kubandia ripoti yanayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ofisi yanafaa kwa nakshi ya ukubwa wa A4. Filamu kuukuu ya eksirei ni bora zaidi, kwa kuwa ni ngumu, hailowi, haichaniki upesi. Iloweke kwenye jiki iliyochanganywa na maji, ukiwa umevaa glavu na umekaa penye hewa, hadi tabaka jeusi lilainike, lifute, suuza. Na kata ile pembe yenye jina la mgonjwa. Karatasi ya manila nayo hutumika ukiipaka vanishi pande zote mbili, ila baada ya chapa 20 au 30, yaani kuibandika na kuipaka mara 20 au 30, huanza kulegea.

Nakshi usihangaike kuitafuta mbali. Kanga ina pindo na mji, na kila kimojawapo kimeshapangwa kwa marudio. Ukili wa mkeka una pembe na mistari inayokatika vizuri kwa wembe. Milango ya nakshi ya Zanzibar na Lamu ina waridi, minyororo na mawimbi yanayotembea fremu nzima. Chora kwenye karatasi kwanza, kuza kwa miraba au mashine ya fotokopi, kisha bandika mchoro chini ya plastiki na ufuatishe kwa kalamu ya wino usiofutika.

Hapa kuna jambo linalowashinda wengi. Tundu lenye kitu katikati, mfano duara lenye kitovu, haliwezi kukatwa hivihivi kwa sababu kitovu kitadondoka. Lazima uache vishikizo, yaani vipande vya plastiki vinavyoshika sehemu ya ndani na ya nje. Kila kishikizo kiwe na upana wa milimita 4 au 5. Chini ya milimita 3 kitakatika wakati wa kusafisha. Viweke mahali ambapo vinaonekana kuwa sehemu ya nakshi, kwa mfano penye kiungo cha jani na kikonyo. Pembeni mwa stensili acha ukingo mtupu wa sentimita 5 au zaidi kila upande. Bila ukingo huo rola itapitiliza na kuacha mstari ukutani.

Kata juu ya kioo kinene au ubao laini, kwa wembe mpya. Anza na matundu madogo ya katikati, malizia makubwa; ukianza na makubwa plastiki inalegea na madogo yanapinda. Kwenye mviringo, zungusha plastiki kwa mkono wa kushoto, wembe ubaki ukielekea kwako. Kishikizo kikikatika, bandika selotepu pande zote mbili, kata upya, endelea.

Mwisho, toboa matundu madogo ya alama kwenye pembe, au kata sehemu ya nakshi ya jirani iliyokwisha pigwa ili stensili iilalie kila unaposogea.

Kupima

Tuseme ukuta una sentimita 370 na nakshi inajirudia kila sentimita 45. Mara 8 ni 360, zinabaki 10. Ukipanga chapa 4 kila upande wa katikati ya ukuta, kila kona inabakiwa na kipande cha sentimita 5, chembamba na cha aibu. Weka badala yake katikati ya nakshi juu ya katikati ya ukuta: nusu ya ukuta ni 185, toa 22.5 za nusu chapa, toa chapa 3 za 45, zinabaki 27.5 kila kona. Hicho ni zaidi ya nusu ya ua, na jicho linakikubali. Fanya hesabu zote mbili kila mara, kisha chagua inayoacha kipande kikubwa.

Kama ni mpaka wa maua yaliyotengana, njia ni nyingine: gawa zile sentimita 10 kwenye nafasi. Kila ua likiongezewa sentimita 1 na robo, hakuna mgeni atakayegundua.

Mstari wa wima upigwe kwa timazi, si kwa kufuata kona, maana kona nyingi zimelala. Mstari wa mlalo upigwe kwa pima maji. Isipokuwa mpaka wa juu kabisa, karibu na dari. Pale jicho hulinganisha mpaka na dari, si na ardhi. Dari ikiwa imeshuka sentimita 1 katika mita 3, ifuate. Ikizidi hapo, shusha mpaka sentimita 25 au 30 chini ya dari ili tofauti isisomeke, na hapo ufuate pima maji.

Penseli iwe nyepesi. Kalamu ya wino au ya biki hupenya rangi ya maji na kujitokeza tena hata baada ya kupakwa juu.

Kupiga chapa

Jaribu kwanza kwenye boksi lililopakwa rangi ileile ya chini. Chapa 5 au 6 za majaribio zinakufundisha kiasi cha rangi kuliko maelezo yoyote. Lisimamishe boksi ukutani, litazame mchana, na litazame usiku chini ya taa.

Bandika stensili kwa tepu pembe zote nne. Tepu mpya ibandike kwanza kwenye nguo yako na kuibandua, ipunguze ukali. Mimina vijiko 3 vya rangi kwenye trei, si zaidi, kwa sababu kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa rangi hufanya utando upesi. Zungusha rola ndani ya rangi hadi sponji yote iwe na rangi sawa. Sasa ipitishe kwenye gazeti mara kadhaa. Sikiliza: rola iliyolowa hulia kwa kunata kama kandambili kwenye tope. Endelea hadi mlio huo ufe.

Anza kuviringisha juu ya plastiki yenyewe, kisha ingia kwenye matundu, bila kugandamiza. Uzito wa rola unatosha. Pita juu-chini, kisha kushoto-kulia. Mpako wa kwanza utaonekana hafifu na wenye madoadoa, ndivyo unavyotakiwa. Subiri dakika 1 au 2, pita tena. Usichovye rola upya kama bado inatoa rangi.

Kwa brashi, mkono ni tofauti. Ishike wima kama unavyoshika mchi na idonoe ukuta kama kuku anavyodonoa punje, kutoka ukingo wa tundu kuelekea katikati. Kupaka kwa kuvuta, kama unavyopaka mlango, kunasukuma rangi chini ya plastiki. Brashi ni nzuri kwa kukoza upande mmoja wa jani na kuacha mwingine hafifu, jambo ambalo rola hailiwezi.

Kabla ya kubandua, toa tepu za chini tu, inua stensili kama pazia, chungulia. Pasipokolea, irudishe na upite. Kisha ibandue moja kwa moja kutoka ukutani bila kuiburuta, tazama nyuma yake, futa rangi yoyote iliyopenya. Doa dogo la nyuma usilolifuta litajichapa kwenye kila ua linalofuata.

Hesabu muda. Ukuta wa mfano wetu unataka chapa zipatazo 50 za sentimita 45. Kwa dakika 5 kila moja ni saa 4 na zaidi, bila kona. Tenga siku nzima. Ukipumzika, funga rola ndani ya mfuko wa nailoni isikauke. Na kila chapa ya tatu weka tena pima maji: kosa la milimita 2 kila chapa, baada ya chapa 8 ni sentimita 1.6, na hapo mstari umeshapanda kilima.

Osha stensili kila baada ya chapa 5 hivi. Ilaze bapa, ifute kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu. Usiisugue kwa brashi ya kufulia. Rangi ikijikusanya kingoni, matundu hupungua na maua yanazidi kuwa membamba bila wewe kujua.

Kona ziache hadi mwisho, wakati ukuta mwingine wote umekauka. Ukiikunja stensili nzima konani, inainuka na kuvuja. Njia safi ni kukata nakala ya pili, kuikunja palepale panapokutana kuta, na kupaka upande mmoja kwanza huku upande wa pili umezibwa kwa tepu. Ukishakauka, rudi na upande wa pili, tena kwa brashi. Swichi na soketi: zima umeme kwenye kikatizo kikuu, fungua kifuniko, piga chapa, rudisha.

Yanayoharibika

Kingo zilizosambaa zirekebishwe zikiwa zimekauka: chovya kijiti cha pamba kwenye rangi ya chini, chora ukingo upya. Ukizifuta zikiwa mbichi unalitanua doa. Kama ukuta una vishimo na kila chapa inavuja, kuna ujanja: bandika stensili, paka kwanza rangi ya chini ndani ya matundu, iache ikauke, kisha paka rangi ya nakshi bila kuitoa stensili. Ile ya kwanza inaziba mapengo yote, na inayovuja haionekani kwa kuwa ni rangi ya ukuta. Inachosha, ila kingo zinatoka kama zimekatwa kwa wembe.

Ukingo ulioinuka kama tuta maana yake ni mpako mnene; uache ukauke siku 2, upige msasa 220 taratibu. Tepu ikibandua rangi, rangi ya chini haikukauka au ilipakwa juu ya vumbi. Simamisha kazi, la sivyo utabandua chumba kizima.

Sakafu ya saruji

Sakafu nyekundu iliyosuguliwa polishi miaka kumi haitashika rangi yoyote. Nta lazima itoke: sugua kwa tapentaini na kitambaa, badilisha kitambaa kila kinapokuwa chekundu, kisha osha kwa maji moto na sabuni, suuza mara 2. Madirisha yawe wazi na jiko la mkaa au la gesi lisiwe karibu. Dondoshea maji: yakikaa kama shanga, nta bado ipo, yakinywewa, endelea. Piga msasa namba 80, fagia, pangusa, acha ikauke siku 2.

Tumia rangi ya sakafu, si ya ukuta, mikono miwili. Pima kwa kupiga kamba ya chaki kutoka katikati ya kuta zinazotazamana hadi mistari ikutane msalaba. Anzia hapo, rudi nyuma kuelekea mlangoni, usije ukajifungia pembeni. Panga kama kanga: mji katikati, pindo pembezoni sentimita 10 kutoka ukutani. Brashi inafaa kuliko rola hapa, maana sakafu nyingi zina mawimbi madogo.

Baada ya saa 24 paka vanishi ya maji mikono 3, ukiheshimu muda ulioandikwa koponi. Vanishi ya mafuta ni ngumu zaidi lakini hugeuka njano juu ya rangi nyeupe. Tembea peku baada ya siku 1. Meza na makochi yarudi baada ya siku 7.

Milango na makabati

Rangi ya mafuta inayong'aa haishiki rangi ya maji mpaka uivunje mng'ao kwa msasa 180 na kufuta vumbi. Kama mlango ni wa zamani sana, piga msasa kwa maji, si mkavu, kwa sababu rangi za kale za mafuta huenda zina madini ya risasi, na vumbi lake ni hatari hasa kwa watoto. Kwa nakshi tumia rangi ya mafuta ileile, kwa brashi tu, ukiifuta mara nyingi zaidi kwenye kitambaa. Inakauka polepole, hivyo ruka chapa moja, piga inayofuata, na urudi kesho kujaza mapengo. Stensili isafishwe kwa tapentaini. Thina kali huviringisha baadhi ya plastiki kama jani la mgomba lililokaangwa na jua.

Ukimaliza, laza stensili kati ya magazeti mawili chini ya godoro, isikunjwe. Rangi iliyobaki ihamishie kwenye chupa ndogo iliyojaa hadi juu, hewa isipate nafasi, na uandike juu yake chumba na tarehe. Utaihitaji siku kochi litakapokwaruza ukuta.